Paul Ngei: Mfungwa wa Kapenguria aliyepokonywa miguu na kisukari

Serikali ya mkoloni ilimfunga Paul Ngei jangwani Lokitaung na haikuweza kumvunja nguvu. Kisukari ndicho kilichofaulu pale ambapo pingu zilishindwa.

Alizaliwa Oktoba 18, 1923 huko Machakos, mjukuu wa Masaku, mzee ambaye mji huo ulirithi jina lake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alitiwa mbaroni pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, na Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Mnamo 1962 aliihama Kanu na kuunda chama cha African People's Party. Kwenye uchaguzi wa 1963 Wakamba walimfuata, Machakos hadi Kitui. Makueni, iliyokuja kuwa wilaya mnamo 1992, ilikuwa ingali sehemu ya Machakos. Muda si muda alirejea Kanu, akawa waziri. Mwaka wa 1975 katiba yenyewe ilirekebishwa ili Kenyatta aweze kumsamehe kosa la uchaguzi. Upendeleo wa aina yake, ambao haukuiletea sheria heshima yoyote. Kisha mnamo 1990 mahakama ikamtangaza muflisi, akapoteza uwaziri pamoja na kiti cha Kangundo.

Uzeeni maradhi yalimkaba. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa midogo huumia, nao mwili hubaki kama uliowashwa moto mdogo usiozimika. Mguu hupoteza hisia, kidonda hakiponi. Ngei alikatwa miguu yote miwili, na mwanasiasa aliyetikisa majukwaa akawa wa kusukumwa kwa kiti cha magurudumu.

Madhara hayo hayaishii miguuni. Mishipa ya ubongo nayo huathirika, ndiyo maana wazee wenye kisukari wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Mzee wa Kitui au Makueni anayeugua leo huenda akawahofia wanawe, na ana sababu: aina ya pili ya kisukari hufuata ukoo. Hata hivyo, jeni si hukumu. Mlo, uzani na mazoezi vina usemi mkubwa.

Ngei alifariki Agosti 15, 2004, akiwa na umri wa miaka 80. Kati ya wale sita wa Kapenguria, waliobaki kuisimulia Lokitaung walikuwa Bildad Kaggia, aliyefariki 2005, na Achieng' Oneko, aliyemfuata 2007.