Padri Aliyetega Sikio Bagamoyo

Ukienda Bagamoyo utaonyeshwa mnara wa kanisa na magofu ya Kaole. Charles Sacleux hatajwi sana, ingawa sisi watu wa vitabu tunamdai shukrani. Alikuwa padri Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufika pwani yetu mwaka 1879, kijana tu wa rika letu. Misheni ya Bagamoyo ilikuwapo tangu 1868, ikilea watu waliokombolewa utumwani.

Alikusanya mimea, na iko inayoitwa Sacleuxia kwa jina lake. Lakini kilichomla miaka ni maneno. Herufi hazikumtosha, alitaka sauti. Paa la nyumba na paa wa porini huandikwa sawa, ila wenye lugha humtamka yule wa porini kwa pumzi kidogo kwenye p. Kamusi yake inaitenga tofauti hiyo, tena inaonyesha neno lipi ni la Kimvita, lipi la Kimrima.

Kwenye mkazo Kiswahili hakimtesi mgeni: gawa silabi, hesabu kutoka nyuma, ya pili ndiyo. Barabara ya kwenda Dar ni ba-ra-BA-ra. Ila kazi iliyofanyika vizuri imefanyika ba-RA-ba-ra. Hapo macho hayasaidii kitu.

Sisi tunaipiga safari yake kinyumenyume, na Kiingereza, jamani, hakitulii. Photograph mkazo uko mwanzoni. Photographer umehamia silabi ya pili. Photographic ya tatu. Ukienda na hesabu ya Kiswahili mbele ya darasa unasema pho-to-GRA-pher, na viti vya nyuma vinacheka. Wapo wanaonyamaza semesta nzima kwa kuogopa kicheko hicho. Basi shika hili: neno likiishia na -tion, -ic au -ity, mara nyingi mkazo unakaa kwenye silabi iliyotangulia mwisho huo. E-du-CA-tion. U-ni-VER-si-ty. Mengine yasikilize kwanza, kama alivyofanya yeye.

Naye hakuwa na haraka. Alirudi Ufaransa mwaka 1898, sarufi ya lahaja za Kiswahili ikatoka 1909, na kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikaanza kutoka Paris mwaka 1939, miaka 60 tangu atie mguu pwani. Alifariki 1943. Jaladani kuna jina lake peke yake. Watu wa pwani waliomtamkia maneno yote yale hawamo.