George Shiras, Msasi wa Usiku Aliyetua Bunduki

Watu wengi hudhani kwamba jua likitua, mpiga picha naye hufunga kamera yake akaenda zake nyumbani. Sivyo. Wako ambao kazi yao huanza baada ya isha, nao hushika njia ya mashamba na kando za vijito kuwatafuta vimulimuli. Siri yao ni nyepesi kuieleza, nzito kuitenda. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu isitikisike, jicho lake huachwa wazi kwa muda mrefu, kila taa huzimwa, na mtu hukaa kitako akangoja. Mdudu mwenyewe ndiye aletaye mwangaza. Kila awakapo huacha nukta ya nuru pichani, na nukta zikiwa nyingi, shamba zima huonekana kama mbingu iliyoshuka chini.

Lakini kimulimuli ni katika viumbe wachache waliopewa taa yao wenyewe. Kulungu hana taa. Paka mwitu hana taa. Basi nani atawapiga picha wanyama hawa usiku, na kwa mwangaza gani? Swali hilo lilimshughulisha Mmarekani mmoja, George Shiras, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jibu alilolipata limemfanya aitwe baba wa picha za wanyama wa usiku. Nimeona niwasimulie wasomaji maisha yake, kwani sisi wa pwani twaijua vyema taa ya usiku na kazi zake.

Shiras alizaliwa tarehe 1 Januari 1859 katika mji wa Allegheny, jimbo la Pennsylvania, mji ambao leo umemezwa na Pittsburgh. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya sheria. Babaye, aliyeitwa George Shiras vilevile, alikaa kitini kama jaji wa Mahakama ya juu kabisa ya Marekani tangu 1892 hadi 1903. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kijana huyu hakutoka nje ya methali. Alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akasomea sheria Yale, akawa wakili.

Hata hivyo moyo wake haukuwa mahakamani, ulikuwa mwituni. Tangu mwaka 1870, akiwa mtoto wa miaka 11, alichukuliwa kwenda kuwinda katika misitu ya ufuo wa kusini wa Ziwa Superior, jimbo la Michigan, karibu na mji wa Marquette. Alipapenda mahali hapo mapenzi ya kufa na kuzikana. Akarudi huko mwaka baada ya mwaka, na mke aliyemwoa alitoka katika mji huohuo.

Huko ziwani kulikuwa na namna ya kuwinda iliyotoka kwa Waojibwa, wenyeji wa asili wa nchi ile. Usiku wa giza wawindaji wawili huingia mtumbwini. Mmoja hukaa tezi akipiga kafi bila ya kutoa sauti. Wa pili hukaa omo na bunduki yake, na hapo omo huwashwa moto, ama taa. Kulungu aliyeshuka kunywa maji huuona mwangaza ule ukimjia juu ya maji. Hakimbii. Husimama akiutazama, ameduwaa, na macho yake hung'aa gizani kama makaa mawili. Kwa macho hayo ndipo mwindaji hupata shabaha yake. Yeyote aliyewaona wavuvi wa dagaa na karabai zao usiku usio na mwezi ataelewa mara moja. Mwangaza humvuta kiumbe, na mvutano huo ndio mauti yake.

Shiras aliijua kazi hii barabara, na kulungu walianguka mbele yake. Lakini kiasi cha mwaka 1889 kamera ilianza kuchukua mahali pa bunduki mikononi mwake. Mtumbwi ulibaki uleule, na taa, na kafi lisilolia, na subira ileile. Kilichobadilika ni kile kilichoelekezwa kwa mnyama pale macho yalipong'aa.

Msidhani ilikuwa rahisi. Taa ya omo ilitosha kumwonyesha mnyama, lakini haikutosha kuandika sura yake juu ya vioo vilivyotumiwa katika kamera za siku zile. Ikabidi kuchoma unga wa magnesiamu, ambao hutoa mmweko mkali kama radi na moshi mzito. Unga huo ni hatari, huweza kumuunguza mtu uso na mikono. Na ukishawaka, umekwisha. Kulungu ameruka na usiku umerudi. Mtu hupata nafasi moja tu, na pengine siku nyingi hupita kabla hajapata ya pili. Shiras alikawia miaka kabla ya kupata picha za usiku za kuridhisha. Subira ni ufunguo wa faraji.

Baadaye akabuni njia nyingine: kamera ikatengwa msituni na kamba ikatandazwa njiani, mnyama akiigusa, mmweko huwaka na picha hujipiga. Yaani mnyama alijipiga picha mwenyewe, na msasi hayupo. Kamera za mitego zinazotumiwa leo kuwahesabu chui na wanyama wengine wa siri ni wajukuu wa kamba ile.

Picha yake niipendayo zaidi aliipiga mwaka 1902 huko Loon Lake, nchini Kanada. Ni paka mwitu mkubwa aitwaye lynx, amekaa ukingoni mwa ziwa, na kivuli chake kimelala majini chini yake. Nyuma yake ni giza tupu. Kila niitazamapo huona kwamba yule mnyama hatishiki wala hatishi, amekaa tu kwake.

Dunia ilimtambua. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 alipewa nishani ya dhahabu. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74 katika toleo moja. Wazee wawili wa baraza la chama chenye jarida hilo walijiuzulu kwa hasira, wakiona kwamba jarida la elimu limegeuzwa kitabu cha picha. Wasomaji hawakuwa na rai hiyo, na picha hazikutoka tena katika jarida lile.

Aliingia pia Bungeni, kwa kipindi kimoja tangu 1903 hadi 1905. Mwaka 1904 alipeleka mswada wa kuwalinda ndege wanaohama, ambao huvuka majimbo mengi na kuuawa katika kila moja. Mswada haukupita wakati wake, lakini mbegu haikuoza. Sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1913, na nyingine yenye nguvu zaidi mwaka 1918.

Mwaka 1928 alikitunukia chama cha National Geographic vioo vyake 2,400, na mwaka 1935 akatoa kitabu chake katika juzuu mbili. Alifariki Marquette mwezi wa Machi 1942, akiwa na umri wa miaka 83.

Siku hizi taa ni nyingi mno, na wataalamu wanatwambia kwamba umeme wa usiku unawadhuru vimulimuli, kwa kuwa dume humwita jike kwa kumweka kwake, na penye taa kali jike haoni mwito. Hivyo taa moja huua, nyingine huficha, nyingine huonyesha. Chombo ni kilekile. Tofauti imo katika nia ya aliyekishika. Shiras alikishika kwa nia mbili katika umri mmoja, na vitoweo vya ile ya kwanza vililiwa vikasahauliwa, lakini kulungu wa ile ya pili wangali wamesimama majini hadi leo, wakitutazama.