Paul Pena, kipofu wa blues aliyegundua kwa redio kuimba kwa koo

Paul Pena alifariki tarehe 1 mwezi wa kumi 2005 mjini San Francisco, inchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 55. Watu wengi duniani wamesikia wimbo wake bila kujua jina lake.

Alizaliwa mwezi wa kwanza 1950 huko Hyannis, jimbo la Massachusetts, katika jamaa yenye asili ya visiwa vya Cap-Vert, Afrika ya Magharibi. Alizaliwa na ugonjwa wa macho, na mwishowe hakuona kabisa. Alisoma katika shule ya vipofu ya Perkins, akashika gitare, na mwaka wa 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport. Baadaye alipiga pamoja na T-Bone Walker, mmoja wa wakubwa wa blues.

Mwaka wa 1973 alirekodi albamu New Train. Mvutano na wakubwa wa kampuni ukafanya ifungiwe, na haikutoka hadi mwaka wa 2000. Hata hivyo, wimbo mmoja wa ndani yake, Jet Airliner, uliimbwa na kundi la Steve Miller na kupendwa sana mwaka wa 1977. Feza za wimbo huo zilimsaidia kuishi kwa miaka mingi.

Usiku mmoja mwishoni mwa mwaka wa 1984, akitafuta masomo ya Kikorea kwenye redio, aliangukia idhaa ya Moscow. Alisikia mtu mmoja akitoa sauti mbili kwa mara moja. Ilikuwa namna ya kuimba ya wafugaji wa Tuva, eneo la Urusi linalopakana na Mongolia. Miaka saba ilipita ndipo akapata albamu ya muziki huo. Alijifunza peke yake kwa kusikiliza tu.

Lugha nayo ilimpa kazi. Kwa kuwa hakupata kamusi ya Kituva kwa Kiingereza, alitumia mbili: moja ya Kituva kwa Kirusi, nyingine ya Kirusi kwa Kiingereza. Alizisoma kwa kidole, kwa msaada wa kifaa kinachogeuza herufi kuwa alama za kugusa.

Mke wake alifariki mwaka wa 1991 kwa ugonjwa wa figo, na Pena akabaki katika upweke mkubwa. Miaka miwili baadaye, mwimbaji wa Tuva Kongar-ol Ondar alifika San Francisco. Pena alimwimbia kwa sauti nzito iitwayo kargyraa. Mgeni alishangaa, akamwalika kwao.

Mwaka wa 1995, Pena alisafiri hadi Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, akashindana na wenyeji na kushinda katika kargyraa. Wasikilizaji nao walimchagua kuwa kipenzi chao, na walimwita Chershemjer, maana yake tetemeko la ardhi, kwa sababu ya sauti yake. Filamu Genghis Blues ya 1999, inayosimulia safari hiyo, iliteuliwa kushindania Oscar.

Ugonjwa wa sukari na wa kongosho ndio uliomaliza maisha yake.