Brian Clough: Kocha aliyeitawala Ulaya lakini akashindwa na wenye klabu

WAHENGA walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukitaka kuisikia methali hiyo ikitumiwa ipasavyo, ingia katika ukumbi wowote wa kutazama soka mjini Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu au Meru siku ambayo klabu kubwa ya Uingereza imemtimua kocha wake. Mashabiki hugawanyika pande mbili papo hapo. Wapo wanaoshikilia kwamba mwenye mali ndiye mwenye neno la mwisho. Wapo pia wanaodai kuwa kazi ya tajiri ni kutoa fedha, kisha akae kando na kumwachia mkufunzi uwanja wake.

Mjadala huo ni wa kale kuliko wengi wa wanaoushiriki. Na pengine hakuna maisha yanayoufafanua vyema kuliko ya Brian Clough, kocha Mwingereza aliyeaga dunia mwaka wa 2004. Clough alitwaa ubingwa wa ligi ya Uingereza akiwa na klabu mbili tofauti, zote zikiwa ndogo alipozichukua, na akashinda Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara mbili mfululizo. Hata hivyo, baadhi ya mechi zake ngumu zaidi hazikuchezewa uwanjani bali katika vyumba vya mikutano vya wakurugenzi.

Clough alizaliwa Machi 21, 1935 mjini Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akiwa mtoto wa sita katika familia ya watoto tisa. Babake alifanya kazi katika kiwanda cha peremende. Masomo hayakumwendea vyema, na alipoondoka shuleni aliajiriwa katika kampuni ya kemikali ya ICI kabla ya kandanda kumfungulia mlango.

Alikuwa mfungaji wa kutisha. Akiichezea Middlesbrough na baadaye Sunderland, alipachika mabao 251 katika mechi 274 za ligi, kiwango ambacho washambulizi wachache nchini humo wamewahi kukikaribia. Pamoja na hayo, aliitwa kuichezea timu ya taifa mara mbili pekee, mwaka wa 1959. Mnamo Desemba 26, 1962, Sunderland ilipokuwa ikimenyana na Bury, aligongana na mlinda lango wa wageni na kuumia vibaya kano za goti. Alijaribu kurejea mwaka wa 1964 akacheza mechi tatu tu, kisha akastaafu akiwa na umri wa miaka 29. Sunderland ilimpa kazi ya kuwafunza vijana, lakini mwaka wa 1965 akajikuta nje.

Mwanamume aliyepoteza riziki yake ghafla namna hiyo hakuwa tayari tena kuwanyenyekea waajiri. Oktoba 1965, akiwa na miaka 30, alipewa usimamizi wa Hartlepools United, klabu maskini iliyokuwa ikisota katika Divisheni ya Nne. Alimchukua Peter Taylor awe msaidizi wake. Taylor aliwahi kuwa mlinda lango wa Middlesbrough, na alikuwa na jicho la kumtambua mchezaji mwenye kipaji hata akiwa amefichika wapi. Clough alikuwa na ulimi na ujasiri wa kumfanya mchezaji huyo acheze kuliko alivyodhani anaweza.

Hartlepools haikuwa na fedha. Clough alizunguka katika vilabu vya wafanyakazi akichangisha pesa, na hata akapata leseni ya kuendesha basi ili aweze kuwasafirisha wachezaji. Mwenyekiti wa klabu, Ernie Ord, hakuona haja ya kumlipa msaidizi na akataka Taylor afutwe. Clough alipokataa, mwenyekiti alimfuta yeye pia. Clough akakataa kuondoka. Wakurugenzi wengine wakamuunga mkono, na kabla ya mwaka wa 1966 kwisha, aliyeondoka alikuwa mwenyekiti.

Ushindi huo ulimpa Clough funzo ambalo lingemponza baadaye. Aliamini kuwa kocha anayependwa na umma anaweza kumshinda mwenyekiti yeyote.

Mwaka wa 1967 Clough na Taylor walihamia Derby County, iliyokuwa Divisheni ya Pili. Mwenyekiti wake, Sam Longson, alikuwa mfanyabiashara wa malori aliyejipatia mali kwa jasho lake. Mwanzoni uhusiano wao ulifanana na wa baba na mwana. Longson alifungua mfuko, na Clough akautumia vyema. Walimleta mkongwe Dave Mackay kutoka Tottenham awe nahodha, wakamnasa Roy McFarland akiwa kijana asiyejulikana sana, na mwaka wa 1969 Derby ikapanda daraja ikiwa bingwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1972, ilitwaa ubingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikiwa na pointi 58 dhidi ya 57 za Leeds, Liverpool na Manchester City. Wapinzani wake walipoteleza katika mechi zao za mwisho, Clough alikuwa likizoni visiwani na familia yake huku wachezaji wakiwa na Taylor nchini Uhispania.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri vikombe vilivyokuja, ndivyo Clough alivyozidi kuamua mambo peke yake. Mlinzi Colin Todd alinunuliwa mwaka wa 1971 kwa pauni 175,000 wakati mwenyekiti akiwa likizoni, na habari ikamfikia mambo yakiwa yamekwisha. Mwaka uliofuata David Nish alisajiliwa kwa pauni 225,000, rekodi ya Uingereza wakati huo. Ikumbukwe kuwa fedha hizo hazikuwa za Clough.

Jambo jingine lililowaudhi wakurugenzi lilikuwa televisheni. Clough alikuwa mzungumzaji hodari, na vituo vya matangazo pamoja na magazeti vilimgombania. Alitumia nafasi hiyo kuwakosoa wasimamizi wa soka, makocha wenzake na hasa Leeds United ya Don Revie, aliyoishutumu kwa kucheza rafu na hila. Longson na wenzake walihofia kuwa klabu ingeadhibiwa kwa maneno ya mwajiriwa wao, nao walichoka kuona jina la Derby likimezwa na jina la mtu mmoja. Wakamtaka apunguze makala na vipindi vyake.

Mnamo Oktoba 13, 1973, Derby iliilaza Manchester United 1-0 ugani Old Trafford. Siku mbili baadaye Clough na Taylor waliwasilisha barua za kujiuzulu. Ikiwa alitarajia kuwa yaliyotokea Hartlepools yangejirudia, alikosea hesabu. Wakurugenzi walizikubali barua hizo. Mashabiki waliandamana na wachezaji wakadai arejeshwe, lakini Longson hakulegeza kamba. Usukani ulikabidhiwa Dave Mackay, nahodha wa zamani, ambaye mwaka wa 1975 aliiongoza Derby kutwaa ubingwa tena.

Ubingwa huo wa pili unastahili kutafakariwa, kwa kuwa unawapa wote wawili haki na kuwanyima wote wawili. Wakurugenzi walionyesha kuwa klabu ingeweza kushinda bila Clough. Lakini sehemu kubwa ya kikosi kilichoshinda ilikuwa kazi ya mikono yake na ya Taylor, na tangu mwaka huo Derby haijawahi kuwa bingwa wa Uingereza.

Baada ya kukaa kwa miezi kadhaa Brighton, katika Divisheni ya Tatu, Clough alifanya uamuzi ambao hadi leo huwashangaza wengi. Julai 1974 alikubali kuiongoza Leeds United, timu ileile aliyoitukana kwa miaka mingi. Revie alikuwa ameondoka kuinoa timu ya taifa. Taylor alikataa kumfuata na kubaki Brighton, na kwa mara ya kwanza Clough akasimama bila mwenzake. Wachezaji wa Leeds, waliokuwa mabingwa, hawakumpokea. Timu ilishinda mechi moja tu kati ya sita za ligi, na wakurugenzi waliposikiliza manung'uniko ya wachezaji walimfuta kazi Septemba 12. Alikuwa amedumu siku 44.

Wengi walidhani huo ndio mwisho wake. Januari 1975 aliibuka Nottingham Forest, klabu iliyokuwa nafasi ya 13 katika Divisheni ya Pili. Forest ilikuwa na tofauti moja ambayo mara nyingi husahaulika hadithi hii inaposimuliwa. Hadi mwaka wa 1982 haikuwa kampuni yenye wanahisa, bali chama cha wanachama kilichoongozwa na kamati. Hapakuwa na tajiri mmoja aliyeweza kusema kuwa klabu ni yake. Clough, ambaye hakuwahi kuvumilia bwana, alikuwa amefika mahali pasipo na bwana.

Taylor alirudi upande wake mwaka wa 1976, na yaliyofuata yaliistaajabisha Ulaya. Forest ilipanda daraja mwaka wa 1977 ikiwa ya tatu, na msimu uliofuata ikawa bingwa wa Uingereza. Ilicheza mechi 42 za ligi bila kushindwa kati ya Novemba 1977 na Desemba 1978. Beki wake Viv Anderson akawa mwaka wa 1978 mchezaji wa kwanza mweusi kuichezea timu kuu ya taifa ya Uingereza katika mechi kamili ya kimataifa. Mwaka wa 1979 Forest iliichapa Malmö ya Uswidi 1-0 mjini Munich na kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, bao likifungwa na Trevor Francis, mchezaji wa kwanza Mwingereza kununuliwa kwa pauni milioni moja. Mwaka wa 1980 ililitetea kombe hilo mjini Madrid kwa kuizima Hamburg 1-0 kupitia kwa John Robertson.

Hata hivyo, kulikuwa na mlango mmoja ambao haukumfungukia. Mwaka wa 1977 alihojiwa kwa kazi ya kuifunza timu ya taifa, iliyokuwa ikitamaniwa na umma awe nayo. Wakuu wa Chama cha Soka walimpa Ron Greenwood. Walikuwa wamemsikiliza Clough kwa miaka kumi, na hawakutaka kumwajiri mtu ambaye wasingeweza kumtawala.

Ingekuwa rahisi kuikomesha hadithi hapa na kuhitimisha kuwa kocha akiachwa huru hufanya maajabu. Lakini uhuru huo nao ulikuwa na gharama. Taylor alistaafu mwaka wa 1982, kisha akarejea kazini akiwa kocha wa Derby. Mwaka wa 1983 alimsajili Robertson kutoka Forest, Clough akahisi kusalitiwa, na marafiki hao hawakuzungumza tena. Taylor alifariki Oktoba 1990 kabla hawajapatana, na Clough aliijutia hali hiyo hadi mwisho.

Alipomkosa Taylor, Clough alimkosa mtu pekee aliyeweza kumwambia kuwa amekosea naye akasikia. Bado alishinda Kombe la Ligi mwaka wa 1989 na 1990, lakini pombe ilikuwa imeanza kumshinda nguvu. Mwaka wa 1989 aliwapiga mashabiki walioingia uwanjani baada ya mechi, akatozwa faini na kupigwa marufuku kukaa kando ya uwanja kwa muda. Afya yake ilidhoofika mbele ya macho ya watu, na katika klabu hiyo hakuna aliyekuwa tayari kumwambia kocha aliyewapa kila kitu kwamba wakati wake umekwisha. Mwaka wa 1993, baada ya miaka 18, alistaafu huku Forest ikivuta mkia na kushuka daraja katika msimu wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu ya Premia.

Alibadilishiwa ini mwaka wa 2003, na akafariki Septemba 20, 2004 mjini Derby kutokana na saratani ya tumbo, akiwa na miaka 69. Ibada ya kumkumbuka iliyopangwa kufanyiwa kanisani ilibidi ihamishiwe uwanja wa Derby County, na zaidi ya watu 14,000 wakahudhuria. Mashabiki wa Derby na Forest, mahasimu wa jadi, waliketi pamoja. Barabara inayounganisha miji hiyo miwili ilipewa jina lake. Sanamu yake ilizinduliwa Nottingham mwaka wa 2008, na mwaka wa 2010 nyingine ikasimamishwa nje ya uwanja wa Derby, ikimwonyesha pamoja na Taylor.

Maisha hayo yana jambo la kutuambia sisi tuishio chini ya Mlima Kenya. Klabu nyingi hapa nchini huishi kwa mfuko wa mfadhili mmoja. Yeye ndiye hulipa nauli, jezi na mishahara, na siku akikasirika au akiishiwa, timu hutikisika. Mwaka wa 2018 klabu iliyokuwa ya duka kuu la Nakumatt ilibadilishwa jina na kuitwa Mount Kenya United baada ya duka hilo kuporomoka. Mwaka wa 2019 ilishuka kutoka Ligi Kuu ya Kenya. Jina la mlima halikutosha kuisimamisha.

Basi wanaobishana kumbini mjini Nyeri, wa pande zote mbili, wana sehemu ya ukweli. Longson alikuwa na haki ya kuuliza fedha zake zinatumikaje. Clough alikuwa na haki ya kuchagua kikosi chake bila kuamriwa. Walichokikosa ni mpaka uliokubaliwa mapema, wakati bado walikuwa wakipendana, kuhusu nani ataamua nini. Derby waliutafuta mpaka huo baada ya ugomvi, na wakawa wamechelewa. Forest hawakuutafuta kabisa, na wakamtazama mtu waliyempenda akiporomoka pamoja na klabu yao.