Maisha ya Charles Darwin na Maradhi Yake

Katika darasa letu tumo ambao tumbo hutusokota kila mtihani ukaribiapo. Kwa hiyo nilisoma habari za Charles Darwin si kwa ajili ya elimu ya viumbe tu, bali kwa ajili ya maradhi yake.

Alizaliwa Shrewsbury, Uingereza, mwaka 1809, mwana wa daktari. Mwaka 1831, akingoja huko Plymouth kupanda merikebu Beagle, moyo ulimwenda mbio na kumwuma, akaamini ana ugonjwa wa moyo. Hakwenda kwa daktari, maana alichelea kuzuiwa safari. Akasafiri, akazunguka dunia, akarudi mwaka 1836.

Alimwoa Emma Wedgwood mwaka 1839, na mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Down. Huko maradhi yalimkaa: kutapika, tumbo kujaa hewa, kichwa kuuma, mwili kutetemeka. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuhangaikia kila jambo, hasa afya ya watoto wake. Hata mazungumzo ya furaha na wageni yalimtapisha usiku, basi akaacha karamu. Tena alitundika kioo nje ya dirisha la chumba chake cha kazi, apate kumwona ajaye kabla hajabisha! Hapo nilicheka, kisha nikamhurumia.

Mwaka 1849 alikwenda Malvern kwa Daktari Gully, aliyetibu kwa maji baridi na shuka mbichi. Alipata nafuu, akawa akiandika daftarini hali yake ya kila siku. Lakini mwaka 1851 binti yake Annie, mwenye miaka 10, alifia huko huko Malvern. Na kitabu chake kikuu cha asili ya viumbe kilipotoka mwaka 1859, yeye alikuwa Ilkley akitibiwa tena kwa maji, uso umemvimba.

Madaktari hawajaafikiana mpaka leo. Wako wasemao aliambukizwa na mdudu aliyemwuma Argentina mwaka 1835. Wengine husema ni wasiwasi. Mimi naegemea wasiwasi, maana moyo ulimdunda kabla hajaondoka kwao. Wala sisemi alijisingizia: matapishi yale yalikuwa matapishi kweli.

Alijiwekea utaratibu. Kazi saa chache, matembezi katika njia yake ya mchanga, na jioni michezo miwili ya kete na dadu na mkewe. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1882, akazikwa Westminster Abbey. Kitabu chake cha mwisho, cha habari za minyoo ya udongo, kilikuwa kimetoka mwaka uliotangulia.