Okot p'Bitek: Mwalimu Aliyefundisha Ugenini

Miongoni mwa wana wa Uganda walioitukuza nchi kwa kalamu, Okot p'Bitek yumo mstari wa mbele. Alizaliwa Gulu mwaka 1931, akasoma huko na King's College Budo, akawa mwalimu. Mwaka 1953 alitoa riwaya ya Kiacholi, Lak Tar. Alikuwa pia mcheza kandanda: mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa, akabaki huko kusoma.

Mwaka 1966 ulitoka utenzi uliompa sifa, Song of Lawino, ambao Paul Sozigwa aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Humo mke wa Kiacholi amlalamikia mumewe msomi, ambaye vitabu vya kigeni vimemtia haya ya ngoma, chakula na lugha ya wazazi wake. Okot hakuchukia vitabu. Alipinga shule inayomchagulia kijana masomo hata asijue kwamba kwao pia kuna hekima.

Baadaye aliongoza Kituo cha Utamaduni, Kampala, lakini hakudumu. Aliikosoa serikali ya siku zile, akapoteza kazi, akahamia Kenya. Utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, ulimkuta ugenini. Huko alitoa Song of Prisoner, juu ya mfungwa aliyepigwa na kutupwa katika mahabusu, utenzi unaostahili kusomwa na kila ashikaye funguo. Hasara ilikuwa ya vijana wetu, kwani mwalimu wao alifundisha watoto wa wengine.

Hivyo kitabu huondolewa mbele ya kijana kwa njia mbili: kwa amri, au kwa kumfukuza aandikaye. Jirani zetu Tanzania waliipiga marufuku shuleni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Baadaye shule zile zile ziliifundisha. Kizazi kilichokuwa katikati hakikurudishiwa miaka yake.

Amin alipoangushwa, Okot alirudi, akafundisha Makerere, akafariki Julai 1982 akiwa na umri wa miaka 51. Leo mtoto wa Kyebando aweza kumsoma bila kificho.

Ndugu askari na polisi, amri ya kukusanya vitabu au kumkamata mwandishi hupitia mikononi mwenu. Nanyi mna watoto shuleni. Tunawaomba mkumbuke kwamba kinachochukuliwa siku ile si karatasi za mtu mmoja, bali ni masomo ya watoto hao hao.