Sophie Germain: Mwanahisabati aliyelazimika kutumia jina la mwanamume

SOPHIE Germain alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Aprili 1, 1776. Babake alikuwa mfanyabiashara wa hariri, na nyumbani hawakukosa chochote. Hata hivyo, jamii ya enzi hizo iliamini kuwa hisabati haikufaa akili ya mwanamke.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka mwaka wa 1789, msichana huyo wa miaka 13 alijitosa katika maktaba ya babake. Kisa cha Archimedes, msomi wa kale aliyeuawa na askari wa Kirumi, kilimtia ari ya kuijua hisabati. Inasimuliwa kwamba wazazi wake walimnyang'anya mishumaa na nguo nzito ili asikeshe akisoma. Alificha mishumaa mingine, akajifunika blanketi na kuendelea, hadi hatimaye wakasalimu amri.

Chuo cha École Polytechnique kilipofunguliwa 1794, wanawake hawakuruhusiwa kujiunga nacho. Germain alitafuta nakala za mihadhara, kisha akamtumia Joseph-Louis Lagrange kazi yake kwa jina la Le Blanc. Lagrange alivutiwa, akataka kumwona mwanafunzi huyo, ndipo akagundua kuwa ni mwanamke. Kuanzia 1804, alitumia jina hilo hilo kumwandikia Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani, ambaye alipojua ukweli mwaka wa 1807 alizidi kumsifu.

Lakini sifa za wasomi wawili hazingeweza kuziba pengo la darasa alilonyimwa. Mwaka wa 1811 Germain alikuwa mshiriki pekee katika shindano la wanasayansi wa Paris kuhusu mitetemo ya mabamba. Kazi yake ilikuwa na makosa, ikakataliwa. Alijaribu tena 1813, akatajwa kwa heshima tu. Mnamo 1816 alishinda tuzo hiyo, ingawa kasoro ziliendelea kutajwa. Waliozitaja walisahau kwamba mafunzo ambayo yangezizuia yalitolewa kwa wavulana pekee.

Alichangia pia utafiti kuhusu swali gumu lililoachwa na Pierre de Fermat. Hadi leo, aina fulani ya namba tasa huitwa kwa jina lake. Mfano ni 11: ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata 23, ambayo pia ni namba tasa.

Germain alifariki kwa saratani ya matiti Juni 27, 1831, akiwa na umri wa miaka 55. Cheti chake cha kifo kilimtaja kama mwanamke aliyeishi kwa mapato ya mali yake. Hakikusema kuwa alikuwa mwanahisabati. Mnara wa Eiffel ulipokamilika 1889, ulichorwa majina ya wasomi na wahandisi 72. Wote walikuwa wanaume.